Naomba ushauri: mirathi, shamba na polisi, tuanzie wapi?

Habari zenu wakuu. Baba alifariki, kaka yetu mkubwa akauza shamba la baba kwa karatasi yenye sahihi ya mama. Mama hajui kuandika, siku zote anaweka dole gumba! Polisi wamefungua jalada la kughushi, lakini kaka akifungwa shamba halirudi lenyewe. Kulirudisha ni kesi nyingine, ya madai. Mirathi nayo haijafunguliwa, msimamizi wa mirathi hakuna. Najua jinai, yaani hiyo kesi ya polisi, inathibitishwa pasipo shaka ya msingi, madai yanaangalia ushahidi wenye uzito zaidi, kwa hiyo kaka anaweza kuachiwa kwenye jinai lakini akashindwa kwenye madai. Mama analia, hataki mwanawe aende jela. Tukiachana na jinai, tutadhoofisha madai ya shamba? Aliyepitia haya anisaidie, mnunuzi ameshaanza kuchimba msingi.