Pleko wangu amelizidi tangi: nimwachie ziwani?

Pendo aliuliza:

Habari zenu wapenzi wa samaki. Nina pleko, yule kambale wa magamba magumu na mdomo wa kunyonya anayewekwa tangini ale mwani wa vioo. Nilimchukua akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Sasa ananifika kutoka kiwikoni hadi kwenye vidole. Akigeuka tu, mimea imeng'oka na changarawe imetawanyika. Usiku nikizima taa namsikia anajigonga kwenye kioo, na roho inaniuma.

Kuna ziwa la maji vuguvugu, mawe yake yamejaa mwani. Nimefikiri nimpeleke huko akaishi kwa raha, pamoja na konokono waliozaana kupita kiasi na mimea niliyoipunguza. Nimesikia watu wakisema ni vibaya, ila hakuna aliyenieleza kwa nini. Samaki mmoja atalifanya nini ziwa zima?

Bi Salama alijibu:

Pendo mwanangu, usimpeleke. Nimelitanguliza hilo usije ukashika ndoo kabla hujanisoma hadi mwisho. Najua nia yako ni njema, maana asiyempenda samaki wake hamsikii akigonga kioo usiku.

Umeuliza kuhusu samaki mmoja. Tatizo ni kwamba hawi mmoja. Pleko huuzwa wadogo na wote hukua. Yule wa kawaida hupita sentimita 40. Kila aliyemnunua hufika siku moja hapo ulipofika wewe, na wengi huliangalia ziwa lilelile. Dume na jike wakikutana, dume huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo, linaloweza kuingia ndani hadi mita moja. Jike akishataga humo, dume hubaki kulinda mayai. Wakiwa wengi, ukingo mzima hutobolewa, mvua ikinyesha unabomoka, na tope linayafunika mayai ya samaki wenyeji. Hewa ikipungua majini, wengine wanakufa. Pleko anapanda juu, anameza hewa, anashuka kuendelea na shughuli zake.

Wavuvi wa bwawa la Infiernillo, Meksiko, wanamjua vizuri. Walizoea kuvua perege. Pleko walipozaana humo, nyavu zikawa zinapanda zimejaa wao, miiba ya mapezi imenasa kwenye nyuzi, na kumnasua bila kukata wavu ni kazi kubwa. Puerto Rico nako wamekufa wari, wale ndege wakubwa wanaokula samaki, kwa sababu yake. Ndege alimeza kama anavyomeza samaki mwingine, pleko akatanua miiba kooni, asishuke wala asitoke. Hilo la wari linanisikitisha kila ninapolikumbuka.

Mkaa Ziwani alijibu:

Naunga mkono Bi Salama, na niongeze juu ya hao konokono, kwa sababu watu huwadharau. Konokono wengi wa tangini wana uke na ume ndani ya mwili mmoja, na wapo wanaoweza kujirutubisha wenyewe. Kwa hiyo mmoja anatosha.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa kamba wa maji baridi mwenye mabaka ya marumaru. Alijulikana kwa mara ya kwanza miaka ya 1990 katika matangi ya wafugaji wa Ujerumani. Wote ni majike. Mayai yao hayahitaji dume, na kila mtoto ni nakala ya mama yake. Leo wamejaa kwenye mito na mashamba ya mpunga ya Madagaska, mbali kabisa na matangi walikotokea.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Kwa muda mrefu hakuonekana tishio. Miaka ya 1980 akafumuka, na furu, samaki wadogo wenyeji ambao ziwa hilo lilikuwa na aina zao zaidi ya 500, wakaanza kutoweka. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Sangara ameleta fedha na ajira, siwezi kukataa. Lakini furu wale hawakuwa wakiishi mahali pengine popote duniani. Hawarudi.

Pendo aliandika:

Asanteni sana. Bi Salama, hilo la kingo limenifungua macho kabisa. Sasa nifanye nini naye? Kuna aliyenishauri nimtie chooni, mwingine akasema nimgandishe kwenye friza. Vyote vimenitia uchungu.

Bi Salama alijibu:

Vyote viwili viache. Chooni anakufa polepole kwenye uchafu, na friza inamtesa kwa muda mrefu kabla hajapoteza fahamu, hasa samaki mkubwa kama huyo.

Anza kwa kumtafutia nyumba. Uliza duka lililokuuzia, maana baadhi huwapokea wakubwa. Uliza wafugaji wenye matangi makubwa. Mwenye bwawa la nje mwulize kwanza kama hufurika wakati wa mvua. Likifurika, ni sawa na kumpeleka mtoni kwa njia ya kuzunguka. Atakayemchukua mwambie ukweli kuhusu ukubwa wake, asije naye akakwama. Wakati unasubiri, mwekee gogo tangini aling'ate, na umlishe baada ya kuzima taa, kipande cha tango au boga, kwa kuwa yeye ni wa usiku. Huenda hata kugonga kukapungua.

Ikishindikana kabisa, daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa mafuta ya karafuu. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji yenyewe. Hutiwa kwenye chupa yenye maji kidogo na kutikiswa mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha humiminwa taratibu alipo samaki. Anapoteza nguvu, analala, halafu huongezwa kipimo kikubwa zaidi. Hata matamvua yakisimama aachwe humo nusu saa au zaidi, kwa sababu samaki anaweza kuonekana amekufa na bado akazinduka. Kipimo akupe daktari, usikisie. Ni jambo zito, nami silisemi kwa wepesi. Lakini kama hakuna wa kumpokea, ni afadhali kwake na kwa samaki wote wa ziwa hilo.

Mkaa Ziwani alijibu:

Kuhusu mimea: gugumaji lilitoka Amerika Kusini na likatawanywa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau. Likaonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na baada ya miaka michache mitumbwi ikawa inakwama ufukweni. Ya kwako ianike juani mpaka ivunjike ukiishika, ndipo uitupe na takataka kavu. Usiitupe mtaroni ikiwa mbichi; kuna mimea inayochipua kutoka kwenye kipande cha shina tu.

Konokono wagandishe au uwaponde. Mayai yao angalia chini ya majani na kwenye chujio, ni vibonge vya utelezi vinavyopenyeza mwanga.

Pendo aliandika:

Sawa. Nimeshaandika tangazo la pleko na nimeweka urefu wake halisi. Na maji ninayobadilisha kila wiki niyamwage wapi?

Bi Salama alijibu:

Kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro na kijito, au kwenye bustani, maua huyapenda. Samaki anayeonekana mzima anaweza kuwa na minyoo au virusi ambavyo samaki wa ziwani hawajawahi kukutana navyo. Na ule wavu mdogo na ndoo usivitumie ziwani. Ikibidi, vikaushe kabisa kwanza, hadi kwenye mishono.