Boti za Mokowe–Amu: mnasimama nyote upande mmoja mnatafuta nini?

Wadau wa boti za abiria kati ya Mokowe, bara, na kisiwa cha Amu (Lamu), hili la gatini limezidi. Kamba haijafungwa, injini ingali yanguruma, mmoja anainuka na begi lake. Wa pili hana haraka yoyote, anainuka kwa kuwa wa kwanza kainuka. Punde si punde boti nzima imejazana ubavu wa gati, upande wa bahari viti vitupu.

Pigeni hesabu. Abiria 30 wa kilo 70 ni kilo 2,100. Mkikaa, uzito huo uko chini na umegawanyika. Mkisimama mnaupandisha, mkisogea mnaupeleka pembeni, na kukiwa na magunia juu ya paa ndiyo kabisa. Ikipita boti ya kasi na mawimbi yake, ukingo unachota maji, na maji nayo yanakimbilia upande uleule uliolala. MV Nyerere, kivuko cha Ziwa Victoria huko Tanzania, Septemba 2018 ilikuwa imejaza kupita kiasi ikikaribia kisiwa cha Ukara. Watu wakasogea upande mmoja, ikapinduka. Walikufa zaidi ya 200.

Maji yakipwa, hasa bamvua yanaposhuka kabisa, ni balaa zaidi. Ngazi iko juu, ina utelezi, anapanda mtu mmoja mmoja, na wa nyuma wanazidi kusukuma kwa sababu wanachokiona ni migongo tu.

Na nyinyi mabaharia msijifiche. Kuwapigia watu wote kelele "kaeni chini!" ni kutomwambia mtu. Kila mmoja anamtazama mwenziwe. Jaketi za kujiokolea ni vilevile: havai mtu kwa kuwa hakuna aliyevaa. Wanasaikolojia Latané na Darley walilipima jambo hili Marekani, wakalichapisha 1968. Waliingiza moshi chumbani: kati ya waliokaa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa, waliokaa na wawili waliojifanya hawaoni kitu, asilimia 10.

Basi fungeni kamba ya omo (mbele), kisha ya tezi (nyuma), ndipo watu washuke. Baharia mmoja asimame pa kushukia awaite kwa zamu, benchi la upande wa gati, kisha la upande wa bahari. Mizigo mwisho. Aliyeinuka mapema aambiwe yeye hasa: "Ami wa kofia nyeupe, kaa tafadhali." Akikaa, walio nyuma yake watakaa. Jaketi mtu apewe mkononi kabla ya kung'oa Mokowe, mkianza na benchi la mbele linaloonwa na wote.

Haya yote yanataka baharia mmoja wa ziada. Wenye boti, mbona hamumweki?