MREJESHO: Gari ya tabo kula oili na kutapika kwenye interkula

Wakuu, asanteni kwa ushauri. Gari yangu ya tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) ilikuwa inakula oili na kuitapika kwenye interkula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Niliambiwa nianze na vali ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya injini): nimeitikisa, kimya, haigongi, yaani imekwama. Nimeweka mpya, kisha kopo la kunasa oili lenye stilwaya ndani, mpira wa kutokea kwenye kopo nikaurudisha kwenye njia ya hewa kabla ya tabo.

Mara ya kwanza niliweka mpira wa maji, mwembamba. Ubahili wangu! Ulijikunja, pumzi ya injini ikakosa njia, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ikachomoka na oili kutapakaa. Nimebadili, nikaweka mpira wa oili wa milimita 19.

Baada ya kilomita 1,500 mipira ya interkula mikavu. Koponi nusu kikombe cha uji wa oili wa rangi ya chai ya maziwa.

Moshi wa bluu asubuhi bado upo. Fundi anashuku sili za vali za injini (raba zinazozuia oili isiingie kwenye silinda).