Stori aya kumi halafu "bei njoo DM": inauza au inakera?

Kipepeo_Mbagala: Wakuu salama? Jana nimekutana na posti ya dada mmoja anauza asali ya Tabora nikasema ngoja nisome. Aya kumi nzima, bibi yake alikuwa anaamka alfajiri anapanda miti porini kurina, nyuki wanamuuma yeye anaimba, mjukuu ananusa moshi kwenye kanga ya bibi, mimi huku kwenye daladala machozi yananilenga kabisa, nafika mwisho "bei njoo DM". Nikazima simu. Hivi hizi stori zinauza kweli au mnatuchosha tu?

binti_sokoni: Mwenye hela haulizi bei kaka. Wewe wa bando la jero stori za watu unazisomea nini?

Kipepeo_Mbagala: Jero la babu yako, mimi naweka la mwezi. Na sijauliza habari ya bando hapa.

Stendi_Kuu: Stori inauza, acheni kujifanya. Mnamkumbuka muuza dawa wa stendi na kapu lake la nyoka? "Namtoa sasa hivi", anarudi kwenye kisa cha mgonjwa, nyoka hatoki, watu wameshanunua dawa. Mimi niliachwa na basi kwa ajili ya yule nyoka. Mtandaoni vilevile, mstari wa kwanza ndo kapu maana kapsheni inakatwa pale juu, mtu asipobonyeza kusoma zaidi imekula kwako.

ChakeChake88: Muuza kanga anaimaliza hiyo kazi kwa mstari mmoja, lile jina lililoandikwa kwenye kanga. Rangi nzuri, jina baya, kanga inalala dukani. Kaderdina wa Mombasa wako kwenye kanga tangu 1887 na hawajawahi kukuandikia aya kumi. Instagram inakupa herufi 2,200, nani kakulazimisha uzimalize?

binti_sokoni: Kanga unaishika kwa mkono, sabuni yangu unaishikaje kwenye simu? Nauza sabuni za mwani. Nikiweka picha na bei napata laiki za ndugu zangu tu. Siku niliyoandika jinsi ilivyokataa kuganda nikamwaga sufuria tatu nikilia, wateja walikuja wenyewe. Sikutunga kitu.

mzee_wa_mizinga: Mimi narina asali Sikonge, hukohuko Tabora. Huyo bibi alipanda mti wa wapi? Enzi hizo mizinga ilikuwa kazi ya wanaume, mnakaa kambini porini siku nyingi, mnarina usiku kwa moshi, sio alfajiri na nyimbo. Huyo dada stori kaiokota. Angesema tu kainunua kwa fulani wa Sikonge na gari likawakwamia njiani, ningemsoma mpaka mwisho.

binti_sokoni: Shikamoo mzee. Kwa hiyo mwanamke hapandi mti?

mzee_wa_mizinga: Marahaba binti yangu. Siku hizi vikundi vya akina mama wana mizinga yao ya masanduku na wanarina vizuri tu. Nimesema bibi, wa enzi hizo. Usinilishe maneno.

Dokta_Mtaa: Asali ya mitandaoni yote feki. Niliagiza ikaganda chini kama sukari guru.

mzee_wa_mizinga: Ndo tabia ya asali hiyo! Glukosi inajitenga, inategemea maua na baridi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi, usiichemshe tu.

Dokta_Mtaa: Mzee nimekua na asali mimi. Unachovya njiti ya kiberiti, ukiiwasha ikawaka ndo halisi.

Stendi_Kuu: Njiti inawaka kwa sababu ni njiti bwana 😂

Dokta_Mtaa: Wewe uliyeachwa na basi kwa ajili ya nyoka unanifundisha mimi?

Kipepeo_Mbagala: Jamani niliuliza habari ya kapsheni. Halafu mzee, hiyo yako bei gani?

mzee_wa_mizinga: Lita 18,000. Hakuna cha DM.

Kipepeo_Mbagala: Elfu kumi na nane?? Mzee asali hiyo imesomea wapi?

Dokta_Mtaa: Mimi barabarani nachukua kwa 10,000 na inakuja na chupa.

binti_sokoni: Kaka wa bando la mwezi, umeona sasa kwa nini tunaficha bei?

mzee_wa_mizinga: Dokta, hiyo ya 10,000 huwa inaganda?

Dokta_Mtaa: Haijawahi hata siku moja.

mzee_wa_mizinga: Haya baba.