Mjadala: Tembo wa pembe kubwa wa Longido, waendelee kupigwa au tuwaache?

Wakuu salaam. Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa Julai mosi kama kawaida, nataka tuongee mapema kabla bunduki hazijaanza kulia. Na tuongelee tu wilaya ya Longido, kaskazini mwa Tanzania mpakani na Kenya, na Enduimet, eneo la hifadhi ya wanyamapori la jamii lililomo humo, maana kila tukianzisha huu mjadala watu wanaruka mpaka pori la Selous kule kusini, hoja inapotea.

Kwa wasiojua: kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 madume watano wa tembo walipigwa upande wetu karibu kabisa na mpaka wa Kenya, na angalau wawili walikuwa wale wenye pembe zinazokaribia kugusa chini, kilo 45 hivi kila pembe. Watafiti wa Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo ng'ambo ya mpaka, wanawajua tembo wa pale mmoja mmoja, wanawafuatilia ukoo kwa ukoo tangu 1972, na walisema mizoga mingine ilichomwa moto kwa hiyo hata kutambua nani kafa ikawa kazi. Leseni zilikuwepo, hilo sibishani nalo. Ila kabla ya hapo kulikuwa na maelewano ya karibu miaka 30, yalikuja baada ya tembo wa Amboseli kupigwa Longido mwaka 1994 na kelele zake, kwamba ukanda ule tembo haguswi. Maelewano ya mdomo. Siku yalipovunjwa hakukuwa na kifungu hata kimoja cha kumbana mtu.

Mimi sipingi uwindaji, niseme wazi. Nenda mapori ya akiba ya Moyowosi au Rungwa, mbung'o wamejaa, barabara shida, mtalii wa kupiga picha hafiki, pale hela ya kitalu cha uwindaji ndo inamlipa askari na kuweka mafuta kwenye gari la doria. Mwondoe mwindaji bila kuweka kitu kingine uone ng'ombe na tanuri za mkaa zitakavyoingia. Na kilichotushusha kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014 ni majangili. Wanaotaka tuige Kenya wakumbuke Kenya walipiga marufuku 1977, na utafiti uliopiga hesabu mpaka 2016 ulikuta wanyamapori wao wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Marufuku peke yake haijamwokoa mnyama.

Lakini Enduimet siyo Moyowosi jamani. Pale watalii wa picha wanafika, kambi zipo, Kilimanjaro ipo mbele yako, na dume mmoja mwenye pembe ndefu anaangaliwa na wageni mwaka hadi mwaka huku na kule Amboseli. Tena hao madume wamezoea magari toka wakiwa ndama, gari likisimama karibu anaendelea kula majani yake wala hageuki. Kumpiga tembo wa hivyo kwangu mimi huo siyo uwindaji.

Halafu kuna suala la uzazi ambalo watu wanalipita haraka sana. Kwa simba tuna kanuni nzuri, dume awe ametimiza miaka sita, maana kufika hapo ameshazalisha na kulea. Kwa tembo kipimo ni pembe, kilo 20 au urefu wa sentimita 160, na hicho kinamlinda kijana lakini mwindaji mwenye leseni ya siku 21 hatafuti wa kilo 20, anatafuta mkubwa kuliko wote. Na kwa tembo mkubwa ndo baba. Dume wa miaka 20 bado anafukuzwa na wakubwa, anayezalisha hasa ni wa miaka arobaini kwenda hamsini. Ukimkuta akiwa kwenye joto lake utamjua tu, majimaji yanamtiririka kutoka nyuma ya macho mpaka mashavu yanakuwa meusi, mkojo unadondoka hadi miguu ya nyuma imelowa, anatembea kichwa juu na harufu yake inakufikia kabla yeye hajafika, vijana wote wanampisha njia. Ukimtoa huyo umetoa watoto wa miaka kumi mbele.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Aliyesema tembo wanamaliza mahindi na sisi tunaowatetea hatulimi, mkuu hoja yako ni ya kweli na inauma. Kulala shambani na tochi na madebe siyo maisha. Ila dume anayepigwa porini Sinya kwa ajili ya pembe siyo lazima awe ndiye aliyekula shamba lako, na ukimuua kifuta jasho chako hakiji haraka zaidi. Tudai kifuta jasho kipande na kilipwe msimu huohuo.

Aliyeleta hoja ya ukame, ni kweli Kenya walitangaza tembo 205 walikufa kati ya Februari na Oktoba 2022, watano ni wachache ukilinganisha. Lakini ukame hauchagui mwenye pembe ndefu, mwindaji anamchagua huyohuyo, na wa aina hiyo hawajai hata basi moja dogo.

Na yule wa "tembo hana pasipoti, akivuka ni wetu". Sawa, ni wetu, na akirudi ni wao. Maji ya vinamasi vya Amboseli yanatoka Kilimanjaro kwetu, na tembo wanapita ushoroba wa Kitendeni kwenda na kurudi. Ndo maana uamuzi wa upande mmoja unawaumiza wa pande zote.

Ninachotaka ni kidogo: TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, waandike kwenye kanuni kwamba vitalu vinavyogusa mpaka huo havipewi kota ya tembo. Nyati, pofu na swala waendelee kama kawaida, na mwenye kitalu apunguziwe ada kwa kiasi hicho. Wanaopinga waniambie hasara ya serikali ni ipi hapo.

Na ndugu zangu wa Sinya, Tingatinga na Olmolog naomba sana mchangie. Kijiji kilipata shilingi ngapi kwa kila tembo aliyepigwa, na zilifanya nini? Kama zilijenga darasa au zahanati semeni, maana hiyo ndo hoja pekee inayoweza kunibadilisha.