Naomba ushauri: utafiti wa bolasi kwa watoto wenye shoki

TabibuMkoa: Wakuu, habari za majukumu. Naandaa andiko la utafiti wa uzamili, hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Nataka kulinganisha bolasi (maji yanayoingizwa mshipani kwa wingi na kwa kasi) ya maji ya chumvi 20 ml/kg na dripu ya kawaida kwa watoto wanaofika na homa na shoki (damu kutofika vya kutosha mwilini), kuanzia kichanga wa siku moja hadi miaka 12. Nimepanga watoto 120, wagawanywe kwa bahati nasibu. Matokeo nitakayopima ni shoki kuisha ndani ya saa moja. Kinachonisumbua ni ridhaa: mzazi analia, mtoto anakata roho, nitamsomesha fomu saa ngapi?

Wodi_B: Daktari, ridhaa tutaifikia. Kwanza badilisha hicho kipimo cha matokeo, maana kitakudanganya. Utafiti wa FEAST, jaribio kubwa la bolasi kwa watoto wenye homa na shoki, uliochapishwa 2011, ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza kwa watoto 3,141. Saa moja baada ya kuanza, shoki iliisha kwa wengi zaidi kati ya waliopewa bolasi: asilimia 43, dhidi ya 32 kwa wasiopewa. Ungesimamia hapo ungesema bolasi imeshinda. Kufikia saa 48, vifo vilikuwa asilimia 10.6 kwa bolasi ya albumini (protini ya damu), 10.5 kwa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa bolasi. Mikono ilipata joto, dalili kwamba shoki inaisha, lakini mtoto akafa baadaye. Walipochunguza vifo hivyo, vingi vya ziada vilitokana na mzunguko wa damu kuporomoka, si mapafu kujaa maji kama wengi walivyotarajia. Kwa hiyo pima uhai, tena saa 48 na siku 28.

Na kwa matokeo hayo, kumpangia mtoto wa aina ileile 20 ml/kg kwa kasi ni jambo ambalo kamati ya maadili itakuuliza kwa ukali, na ina haki. Angalia pia walioachwa nje ya FEAST: wenye kuhara, utapiamlo mkali na majeraha ya moto. Majibu yake hayamhusu mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara.

Hesabu_Tiba: 120 hawatoshi. Ukitaka kuona vifo vikishuka kutoka asilimia 10 hadi 7, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuigundua tofauti iliyopo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji watoto kama 1,350 kila kundi. Hata vingeshuka kutoka 20 hadi 10 ungehitaji karibu 200 kila kundi. Kwa uzamili wa mtu mmoja haiwezekani, na kumwingiza mtoto mahututi kwenye jaribio lisiloweza kutoa jibu si haki kwake.

SistaZamu: Vichanga watoe kabisa. FEAST ilianzia siku 60. Kichanga anaanguka kwa baridi, sukari kushuka, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, njiti kushindwa kupumua. Ukimchanganya na mtoto wa miaka 4 mwenye malaria hutajua umepima nini.

Wodini mambo huharibika hapa: uzito wa kukadiria na dripu isiyohesabiwa. Mtoto wa kilo 10 kwa 10 ml/kg ndani ya saa moja ni ml 100. Kwa seti ya matone 20 kwa ml, hiyo ni matone 33 kwa dakika. Ukitundika chupa ya ml 500 bila bureti (kichupa cha kupimia maji ya dripu), muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 akigeuka tu, imeingia ml 300. Himoglobini (wingi wa damu) ipimwe mapema pia. Ikiwa chini ya 5 g/dl, anachohitaji ni damu.

Maadili_Kwanza: Ridhaa sasa. FEAST, pale ambapo muda haukuruhusu, walichukua kukubali kwa mdomo kutoka kwa mzazi, kisha ridhaa kamili ya maandishi mtoto alipotulia. Maneno ya mdomo yawe mafupi, kwa lugha ya mama: tunafanya nini, hatari ni ipi, unaweza kukataa na mtoto atatibiwa vilevile. Andika mapema kwenye itifaki nani shahidi, na mtafanya nini mtoto akifariki kabla ya saini. Hapo ndipo maandiko mengi hukwama.

TabibuMkoa: Ahsanteni sana. Basi naacha jaribio. Nikipima muda tangu mtoto anapoingia mlangoni hadi oksijeni, sukari na dripu sahihi, bila kubadilisha matibabu, je?

Hesabu_Tiba: Hiyo inafanyika. Saa ileile ya ukutani itumike kwa wote, si simu ya kila mtu. Muda wa kufika uandikwe mlangoni, si kwenye meza ya faili.

SistaZamu: Na mtoto akikutwa na sukari chini ya 2.5 mmol/l, mtafiti asibaki anaandika. Dekstrosi ya asilimia 10, 5 ml/kg, itolewe palepale, ndipo muda ujazwe.