Naomba ushauri: Justine ya Jess Franco, nitumie toleo lipi?

Habari zenu wanajukwaa. Naandaa makala kuhusu filamu ya Justine ya mwaka 1969, aliyoiongoza Mhispania Jess Franco kutoka riwaya ya 1791 ya mwandishi Mfaransa Marquis de Sade. Nimekwama.

Filamu hii ina matoleo mawili makuu. Lililokamilika ni la takriban saa mbili. Lililosambazwa Marekani kwa jina la Deadly Sanctuary limekatwa vibaya. Nimeyatazama yote. Lile fupi linaharakisha mambo mpaka kisa kinapoteza mantiki, lakini ndilo watazamaji wengi wa zamani walilolijua.

Kinachonisumbua zaidi ni mwisho. Kwa Sade, Justine, msichana mwema anayeteswa kila anapokwenda, anapata hifadhi kwa dada yake Juliette, halafu radi inamuua. Ukatili huo ndio hoja yenyewe ya riwaya: wema haulipi. Franco anamwacha hai, tena na mpenzi wake! Wakati huohuo mwigizaji Klaus Kinski, akiigiza kama Sade gerezani, anahangaika kimyakimya na kalamu yake, kama vile hadithi inamponyoka.

Nimerudia kurasa za mwisho za riwaya, bado sijapata msimamo.

Naombeni mnisaidie: makala niijenge juu ya toleo lipi? Na huo mwisho wa heri mnauona ni woga wa kibiashara, au Franco anamkejeli Sade makusudi?

Natanguliza shukrani.